Jibu: Nguo kuota ukungu kabatini

Salaam dada, na karibuni Unguja. Umeuliza kwa nini mashati ya mumeo yanaota ukungu kabatini hapo Mji Mkongwe hata baada ya kuyafua mara 3, na Nairobi hamkuliona jambo hilo. Mimi na mume wangu tulitoka Nakuru, yakatukuta hayo hayo. Koti lake la harusi nilikuta kola nyeupe kama imemwagiwa unga. Nililia.

Kabla hujafua tena, pitisha kiganja ukutani nyuma ya kabati. Kama kuna unyevu, tatizo si sabuni. Nyumba hizi ni za mawe ya matumbawe na chokaa, ukuta unafyonza maji na lazima uyatoe. Ukikandikwa saruji, maji yananasa ndani. Kwetu ilikuwa hivyo.

Vuta kabati shubiri nzima kutoka ukutani, lifute ndani kwa siki, liache wazi mchana jua likiwaka. Nguo zianike hadi mishono ikauke kabisa, hasa masika, Machi hadi Mei. Mwambie mwenye nyumba fundi arudishie chokaa. Viatu vya ngozi bado vinanishinda, nasubiri mwenye mbinu.

Na udi, dada! Jirani alinifundisha kupindua tenga juu ya chetezo na kutandaza nguo juu yake. Moshi hauui ukungu, lakini Ijumaa mume wangu akivaa kanzu ile, nyumba nzima inanukia.