Gunia na lumbesa havijumlishwi: majibu ya maswali yenu kuhusu ripoti za biashara

Nawafundisha wafanyabiashara wa hapa Dodoma na wa kwa jirani zetu Singida kusoma ripoti zao, na maswali mengi yanayonifikia yana mzizi mmoja. Programu imechukua mistari mia au elfu ikaikusanya kuwa namba moja, na mwenye biashara hakuulizwa ikusanywe vipi: ijumlishwe, itafutiwe wastani, ihesabiwe, au ichukuliwe ile ya mwisho. Asipochagua yeye, programu humchagulia.

Mwalimu, nimeingiza mauzo ya duka langu kwenye Power BI, programu ya kutengeneza ripoti. Pale chini pameandikwa Mwaka: 10,125. Nimeharibu nini? (Mwenye duka, Majengo)

Hujaharibu kitu, dada. Una mistari mitano ya mwaka 2025, na programu imejumlisha 2025 mara tano. Power BI ikikuta safu ya namba, mara nyingi huiwekea alama ya Σ na kuijumlisha. Haijui kwamba mwaka ni jina tu, limeandikwa kwa tarakimu. Fungua mipangilio ya safu hiyo uchague isijumlishwe. Fanya vivyo hivyo kwa namba za risiti, namba za bidhaa na namba za mlipakodi (TIN) za wateja. Namba za simu zigeuze ziwe maandishi kabisa, maana zikibaki tarakimu, ile sifuri ya mbele inapotea.

Nanunua mahindi Kibaigwa. Ripoti inaniambia wastani wa bei yangu ya kununulia ni shilingi 70,000 kwa gunia. Nimeuza yote kwa 75,000, na bado mtaji umepungua. Nani kaniibia? (Mfanyabiashara wa nafaka, Kongwa)

Pole sana, ndugu yangu. Nimepitia manunuzi uliyonitumia, na hakuna aliyekuibia. Siku ya kwanza ulinunua magunia 10 kwa 60,000. Siku ya pili magunia 90 kwa 80,000. Programu imechukua bei mbili, 60,000 na 80,000, ikapata 70,000 katikati. Kwake siku ya magunia 10 na siku ya magunia 90 zina uzito mmoja.

Sasa tuhesabu fedha zilizotoka mfukoni. Siku ya kwanza 600,000, siku ya pili 7,200,000, jumla 7,800,000 kwa magunia 100. Kila gunia limekugharimu 78,000. Ulipouza kwa 75,000 uliona faida ya 5,000 kwa gunia, kumbe ulikuwa unapoteza 3,000. Kwa magunia 100 hiyo ni 300,000, bila kugusa usafiri na vibarua wa kupakia.

Safu ya bei usiitafutie wastani kamwe. Weka safu ya kiasi na safu ya fedha uliyolipa, zote mbili zijumlishwe, kisha ripoti igawanye jumla ya fedha kwa jumla ya kiasi. Mpangilio huo ndio wenye maana: kujumlisha kwanza, kugawanya baadaye. Ukigawanya kwenye kila mstari halafu ukatafuta wastani wa majibu, unarudi palepale ulipoumia. Asilimia za faida nazo ni hivyo hivyo. Bidhaa yenye faida ya asilimia 40 unayouza mara moja kwa mwezi haiwezi kusimama sawa na ile ya asilimia 5 unayouza kutwa.

Kuna jambo jingine nimeliona kwenye safu yako ya kiasi, nalo linanisumbua zaidi. Umeandika "gunia 1" kwa gunia lililofungwa kawaida, na "gunia 1" kwa lumbesa, lile lililojazwa kupita kipimo. Hakuna mpangilio wa programu utakaoponya hilo. Jumla ya vitu visivyolingana haikuambii kitu, hata ikitoka kwenye kompyuta ya bei gani. Pima, andika kilo, ujumlishe kilo. Na mkulima aliyekuuzia naye atalipwa kilo zake zote, jambo ambalo lumbesa imemnyima kwa miaka mingi.

Nasimamia stoo mbili za mafuta ya alizeti, Singida mjini na Manyoni. Kila jioni tunaandika madumu yaliyobaki. Ripoti ya mwezi inasema tuna madumu 1,200 Singida pekee, wakati stoo yenyewe haitoshi hata 100. (Msimamizi wa stoo)

Madumu 40 yaliyolala stoo siku 30 yamehesabiwa mara 30. Salio haliko kama mauzo. Mauzo ya jana na ya leo ni vitu viwili tofauti, kwa hiyo yanajumlishwa. Dumu lililobaki jana na likabaki leo ni dumu lilelile.

Hapa wengi hukosea wanapojaribu kurekebisha: wanazima jumla kabisa. Usizime. Salio la Singida na salio la Manyoni la jioni moja yanajumlishwa bila tatizo, kwa sababu ni madumu tofauti. Kisichojumlishwa ni siku. Kwa hiyo, kwa upande wa stoo weka jumla, na kwa upande wa tarehe weka thamani ya siku ya mwisho ya kipindi. Wahasibu wa SACCOS, hili linawahusu pia: salio la akiba la mwanachama lisijumlishwe Januari hadi Desemba, mtamfanya tajiri kwenye karatasi.

Nina nyumba ya wageni. Ripoti inasema Aprili wateja 60, Mei 55, Juni 50, lakini jumla ya chini ni 98. Programu haijui kujumlisha? (Area C)

Inajua. Umechagua kuhesabu wateja bila kurudia, na ulichagua vizuri. Mtu aliyekuja Bunge la Bajeti akalala kwako Aprili, Mei na Juni anahesabiwa mara moja kwenye kila mwezi, na mara moja tu kwenye jumla ya robo. Ukijumlisha miezi unapata 165, na humo ndani yumo mara tatu. Watu waliopita mlangoni kwako ni 98.

Ila hakikisha unawahesabu kwa namba ya simu iliyoandikwa kwa namna moja. Anayeanza na 07 leo na +2557 kesho, programu itamwona ni watu wawili.

Kwenye Eksel, jedwali la pivoti (lile linalokusanya mistari kuwa muhtasari) linaniletea 31 badala ya jumla ya fedha. (Mhasibu, Mpwapwa)

Inahesabu mistari. Kuna mahali umeandika "15,000/=", na kwa Eksel hayo ni maandishi. Anza kwa kusafisha safu, ndipo uchague jumla. Ukichagua jumla bila kusafisha, mistari hiyo itaachwa kimya kimya na fedha itapungua.

Robo ya kwanza ya ripoti yangu hailingani na ya halmashauri. (Mkandarasi, Chamwino)

Programu inaanza mwaka Januari. Mwaka wa fedha wa serikali yetu unaanza tarehe 1 Julai na kuisha 30 Juni, kwa hiyo Januari hadi Machi ni robo ya tatu. Tengeneza jedwali la kalenda lenye robo za Julai, uziunganishe na tarehe za malipo.

Tunalima zabibu Mpunguzi. Ripoti inaonyesha wastani wa mauzo ni milioni 2 kwa mwezi. Nikapanga ada za watoto kwa hesabu hiyo na nimekwama. (Mama mkulima)

Mama, shikamoo. Nimeona kwamba umeuza miezi minne tu, misimu miwili ya mavuno, jumla milioni 8. Miezi minane mingine uliiacha wazi, na wastani hauhesabu nafasi iliyo wazi. Umegawanya kwa 4. Ungeandika sifuri kwenye miezi hiyo, programu ingegawanya kwa 12 ikakupa kama 667,000.

Kwa swali la "msimu ukifika nauza kiasi gani kwa mwezi", milioni 2 ni jibu sahihi. Kwa ada, chukua 667,000, uondoe gharama za shamba, dawa na maji, kwa sababu hayo bado ni mauzo tu. Nitumie gharama za msimu uliopita tuziweke kwenye jedwali hilo hilo kabla shule hazijafunguliwa.