Nimelelewa Mmormoni, sasa nataka kutoka rasmi: nianzie wapi?

SWALI: Nilibatizwa nikiwa na miaka 8 katika Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, na nikiwa na 19 nikapokea endaumenti (ibada ya maagano) hekaluni. Sasa nina 27 na imani hiyo sinayo tena. Miaka minne sijakanyaga kanisani, lakini wamisionari bado wananibishia hodi. Wazazi wangu hawajui lolote. Nitatokaje rasmi, na je, nitakuwa nimevunja kuunganishwa kwa familia yetu hekaluni, ile ibada inayotufunga pamoja milele?

JIBU: Kutohudhuria hakukuondoi. Kibali cha kuingia hekaluni huisha baada ya miaka 2 kisipofanywa upya, lakini uanachama hauna tarehe ya mwisho. Basi jiulize kwanza: kinachokukera ni hodi tu, au ni jina kuendelea kuhesabiwa? Kama ni hodi, mwandikie askofu wa kata (kiongozi wa usharika wenu) kwamba hutaki kutembelewa wala kupigiwa simu. Mara nyingi inatosha, ila udhaifu wake ni kwamba maaskofu hubadilishwa, kwa kawaida kila baada ya miaka mitano hivi, na mpya anaweza kuanza upya kuwatafuta waliopotea.

Kama ni jina, kuna njia mbili. Ya kwanza ni barua kwa askofu, naye huipitisha kwa rais wa kigingi (kundi la kata kadhaa) hadi makao makuu, Salt Lake City. Ya pili ni kuipeleka makao makuu moja kwa moja, lakini hapo sahihi yako lazima ithibitishwe na notari au wakili mwenye mamlaka hayo. Barua isiyothibitishwa ndiyo inayokwama mara nyingi kwenye njia hii, na sababu ni nyepesi: hawana namna nyingine ya kujua kwamba aliyeandika ni wewe, si mwenzi aliyekasirika.

Barua yenyewe iwe nusu ukurasa. Weka jina kamili kama lilivyo kwenye rekodi (ukibadilisha jina kwa ndoa, taja yote mawili), tarehe ya kuzaliwa, anwani ya sasa, na namba ya rekodi ya uanachama kama unayo. Ina tarakimu 11 na huandikwa kwenye kibali cha hekaluni. Kisha sentensi moja isiyo na mlango wa nyuma: “Ninajiuzulu uanachama wangu kuanzia tarehe ya barua hii.” Ongeza kwamba umeelewa matokeo yake na hutaki kutembelewa ili ufikirie upya. Sahihi, tarehe, nakala yako. Malalamiko ya historia na mafundisho yaache nje, hata kama ni ya kweli, maana kila hoja unayoiweka ni mwaliko wa kujibiwa.

Sasa kuhusu wazazi, na hapa ndipo watu wengi wanapojikwaa. Rekodi yako iko katika kata ya mwisho uliyoandikishwa. Kama hukuwahi kuihamisha, huenda bado iko kwenye kata ya wazazi, na askofu atakayeshika barua yako ni yule anayekaa nao kila Jumapili. Hata akiwa msiri kabisa, jina lako litatoweka kwenye orodha ya kata, nao wanaiona kwenye simu zao. Unaweza kuihamishia rekodi kata ya unapoishi kabla ya kuandika, ila sioni kwamba hilo linatosha. Waambie wenyewe kabla barua haijatoka.

Kuhusu kuunganishwa: kujiuzulu kunabatilisha ubatizo wako na baraka zako za hekaluni. Wazazi wako wanabaki wameunganishwa wao kwa wao; hukuwanyang'anya kitu. Waeleze hivyo kwa lugha ya mafundisho yao, kwa sababu hofu yao kubwa itakuwa hapo hasa. Na ukija kutaka kurudi, utabatizwa upya, na baraka za hekaluni hurejeshwa kwa idhini ya Urais wa Kwanza, yaani viongozi wakuu wa Kanisa. Usitegemee pia kwamba jina litafutika kabisa: kumbukumbu kwamba uliwahi kuwa mwanachama inabaki, ila huhesabiwi.

Kabla ya kutuma, ingia kwenye akaunti yako ya Kanisa upakue taarifa za zaka kama unazihitaji kwa kodi, pamoja na baraka yako ya patriaki (baraka ya binafsi iliyoandikwa) kama unaithamini. Zaka ulizotoa hazirudi. James Huntsman aliishtaki Kanisa kwa ajili ya mamilioni aliyotoa, na Januari 2025 mahakama ya rufaa ya Marekani ikamkatalia. Ukiwa mwanafunzi wa Brigham Young, chuo kikuu cha Kanisa, maliza shahada kwanza, kwa sababu mwanafunzi Mmormoni anayejiuzulu hupoteza idhini ya kuendelea kusoma pale.

Harusi za ndugu zako ndani ya hekalu hutaingia, lakini hata sasa huingii bila kibali. Tangu Mei 2019 Kanisa linaruhusu popote pale ndoa ya kiserikali ifungwe kwanza, kisha maharusi waunganishwe hekaluni bila kusubiri mwaka mzima. Muombe ndugu yako afikirie hilo mapema, kabla kadi hazijachapwa.

Na mavazi ya hekaluni, zile nguo za ndani ulizopewa kwenye endaumenti: desturi ni kukata alama takatifu zilizo juu yake na kuziharibu, kitambaa kilichobaki ni kitambaa tu. Huna wajibu tena, lakini mama yako akiyakuta nzima kwenye pipa la taka, hayo ndiyo mazungumzo mtakayoanza nayo.