Shahada ya pamoja Uskoti: miaka 4 inakwendaje?

Mdogo wangu, umemaliza HGL (Historia, Jiografia na Kiingereza) kidato cha sita na unauliza kama "MA" ya Historia na Uhusiano wa Kimataifa inayotolewa Uskoti ni shahada ya uzamili. Hapana. Kwenye vyuo vikongwe vya kule, MA ya fani za sanaa ni shahada ya kwanza: miaka 4, krediti 480, yaani 120 kila mwaka. England huwa miaka 3, krediti 360.

Miaka miwili ya mwanzo unasoma masomo yako mawili na mara nyingi unaongeza la tatu. Usilidharau hilo la tatu, wengi hubadili njia hapo. Mwaka wa tatu na wa nne ndiyo kazi yenyewe, na kwa kawaida tasnifu unaiandika kwenye somo moja tu kati ya hayo mawili.

Kilichonitesa mimi ni kuandika kwa mikono miwili, maana kila somo lina mtindo wake. Insha yangu ya Mkutano wa Berlin wa 1884–1885 niliijaza nadharia za uhalisia, zile za Uhusiano wa Kimataifa. Mwalimu wa historia akaandika pembeni: "Nyaraka ziko wapi?" Basi anza sasa kusoma nyaraka zenyewe.

Maombi hupitia UCAS, mfumo wa pamoja wa udahili wa Uingereza, vyuo visivyozidi vitano. Kabla ya kulipa chochote, andikia ofisi ya udahili, uwatumie matokeo yako ya kidato cha sita. Wengine watakutaka usome kwanza mwaka wa maandalizi. Waulize TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania) pia kuhusu utambuzi wa hiyo MA, usije ukakwama kwenye ajira. Wakala akikuhakikishia viza, mkimbie.