Jibu: Mawazo ya mabango tunayatoa wapi

Mkuu, umeuliza sisi wa mikoani mawazo ya mabango tunayatoa wapi, maana Pinterest, ule mtandao wa picha, kila mtu anachota humo humo. Mimi niko Kigoma. Asubuhi nashuka Kibirizi, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, mitumbwi ikiwa imeegeshwa, nasoma majina yaliyoandikwa kwa brashi. Juzi nimepiga picha mmoja, "MUNGU NI MWEMA". Fundi alianza na herufi pana kwa raha zake, ubao ukamwishia njiani, ile A ya mwisho ikabanwa mpaka imekuwa kama kijiti. Tamu balaa! Nimeichora upya kwenye Inkscape (programu ya kuchorea, ni ya bure, hata laptopu yangu kuukuu inaimudu), sasa ndiyo kichwa cha bango la ndondo mtaani kwetu.

Halafu kanga. Tazama pindo, mji (pale katikati) na jina (yale maandishi) vinavyogawana nafasi. Kipeperushi kizima kiko pale.

Na daftari la hesabu usilidharau. Mbunifu Susan Kare alichora alama za Macintosh, kompyuta ya Apple ya 1984, kwa kujaza vijumba kwenye karatasi ya miraba. Nembo yako ikisomeka humo, kwenye simu haitakusumbua.

Fonti za kulipia achana nazo kwanza, Google Fonts zimejaa za bure.