Maswali ya Wasomaji: Fasihi kwa Mwaka wa Kwanza

Nimepangiwa Utangulizi wa Fasihi ya Kiswahili, wanafunzi 300 hivi. Silabasi niliyoikuta inaanza na wiki 4 za nadharia: maana ya fasihi, dhima, tanzu, mikabala. Wanaandika kila ninachotamka, ila nikiuliza swali, kimya. Nifanyeje? – Mhadhiri Msaidizi, Dodoma

Wako kimya kwa sababu bado hawana cha kusema. Fasili ya fasihi walishaikariri sekondari, na fani na maudhui wanazitaja hata usingizini. Ukianzia hapo unawaongezea desa tu, yaani maelezo ya kukariri. Anza na matini (kazi yenyewe ya fasihi), tena fupi. Fasili zije wiki ya 3 au ya 4, wakiwa na kitu cha kuzipimia.

Mfano mzuri ni Utendi wa Mwana Kupona wa mwaka 1858, shairi refu la wosia wa mama kwa bintiye. Beti 6 za mwanzo zinatosha kipindi kizima. Toa kopi ya ukurasa mmoja, weka namba kila ubeti, na chini andika maana ya maneno ya Kiamu (lahaja ya Lamu) yatakayowakwamisha (negema ni sogea karibu, pulika ni sikiliza). Wasome kimya dakika 10, kisha wahesabu mizani (silabi za kila kipande) wawili wawili.

Kila kipande cha utendi kina mizani 8. Lakini kwenye “Negema wangu binti” wengi watakuletea 7, kwa kuwa wamehesabu “nti” kwa pamoja kama walivyohesabu “ngu”. Andika ubaoni: ne-ge-ma-wa-ngu-bi-n-ti. Katika “wangu”, ng imeungana na irabu inayofuata ikawa silabi moja. Katika “binti”, neno lenye asili ya Kiarabu, n imesimama peke yake. Watabishana. Waache wabishane, maana sasa wanalitazama shairi lenyewe.

Kisha nenda kwenye vina, yaani silabi za mwisho zinazofanana: katika ubeti wa kwanza vipande vitatu vinaishia -ti, cha nne -a, na hiyo -a inarudi mwisho wa kila ubeti. Uliza: anayesikiliza tu, bila karatasi mkononi, inamsaidia nini? Hapo somo la fasihi simulizi na andishi limeshaanza bila kulitangaza.

Mkifika beti zinazohusu mke na mume, darasa litawaka moto. Weka sharti moja: hakuna kusema “mwandishi anatuasa” bila kutaja namba ya ubeti na neno lililokufikisha hapo. Bila sharti hilo mtajadili ndoa za leo saa nzima, na utendi utabaki kwenye begi.

Nimeweka riwaya 5 kwa muhula na hawasomi. Ni uvivu? – Msomaji, Morogoro

Piga hesabu kwanza. Kwa Tanzania, krediti 1 ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi, hivyo kozi ya krediti 12 ni saa 120. Ondoa mihadhara na semina, tuseme 45, na insha pamoja na maandalizi ya mtihani, 30. Zinabaki 45. Riwaya ya kurasa 200, kwa anayesoma kurasa 20 kwa saa huku akiandika pembeni, inakula saa 10. Riwaya zako tu ni saa 50. Bakiza 2, ongeza tamthiliya 1 na mashairi. Halafu nenda maktaba ukahesabu nakala kabla muhula haujafunguliwa: kitabu kisipopatikana, steshenari ya jirani itawauzia uhakiki wake, na huo ndio watakaousoma.

Insha zinafanana, nyingine ni kazi ya akili unde mtupu. Nikamate vipi? – Mwalimu, Eldoret

Usianze na kukamata, anza na swali. “Jadili dhamira” hujibiwa na yeyote, hata asiyekifungua kitabu. Wape beti 2 ambazo hamkuzigusa darasani, dakika 40, kwa mkono, ukurasa mmoja: wachague neno moja na waeleze lingebadilishwa kingeharibika nini. Usahihishaji nao unapungua. Insha 300 kwa dakika 10 kila moja ni saa 50; ukurasa mmoja kwa dakika 4 ni saa 20. Andika maoni mamoja tu kwa kila kazi, na makosa yanayojirudia yapeleke semina ijayo.