Miaka tisa Bremen, na kiwanja bado kina nyasi

Baba mdogo, shikamoo. Juzi kwenye kundi la ukoo uliuliza mbele ya wote: miaka tisa niko Ujerumani, na shahada ya udaktari (PhD) nimepata, mbona kiwanja cha Lindi bado kina nyasi? Ukaongeza kwamba binti yako anataka kuja kusoma nilichosoma mimi. Nimekaa na maneno yako siku tatu. Leo sifichi kitu.

Kazi yangu ni kusoma tope. Hapa Bremen kuna ghala lenye baridi ya nyuzi 4, limejaa tope la sakafu ya bahari lililochimbwa Atlantiki, Mediterania, hadi Aktiki. Linakaa katika vipande vya mita moja na nusu, vilivyopasuliwa kwa urefu kama muwa. Nachukua kidogo, naosha kwenye chekeche, nakausha, kisha nainamia hadubini na kibrashi chembamba kuokota foraminifera. Ni viumbe wa baharini wadogo kama punje ya chumvi, waliobaki maganda tu. Unajua mama anavyochambua mchele wenye chuya? Ndivyo, ila mimi natafuta aina moja tu, kutwa nzima, hadi shingo inakufa ganzi. Maji yakiwa ya baridi na barafu ikiwa nyingi duniani, ganda hubeba zaidi ile aina ya oksijeni yenye atomu nzito. Ukilipima, unaijua bahari ya wakati ule. Miaka 20,000 iliyopita maji yalikuwa chini kwa mita kama 120. Unguja ilikuwa imeungana na bara, mtu angefika kwa miguu.

Sasa hela. Nilipokuwa nasoma udaktari nililipwa nusu ya ajira, na kazi nikaifanya nzima. Baada ya hapo ni mikataba: mwaka, miaka miwili. Sheria ya hapa inaruhusu miaka sita ya mikataba ya namna hiyo kabla ya udaktari na sita baada yake, na nafasi za kudumu ni chache mno. Mkataba ukiisha, kibali cha ukaazi nacho kinayumba. Kuna wakati nilikaa miezi minne bila kazi, nikiishi kwa posho ya wasio na ajira. Niliwaambia simu imeharibika. Nisamehe, baba mdogo. Matibabu ya bibi na ada za wale wawili vilitoka kwenye mshahara huohuo. Cha kujengea hakikubaki.

Binti yako asije kwa ajili ya hela. Lakini kama tope linamvuta, mwambie hivi: miaka ya 2000 watafiti wa Uingereza pamoja na TPDC, shirika letu la mafuta na gesi, walichimba Kilwa na Lindi. Udongo wa mfinyanzi wa kwetu ulikuwa umeyafunika maganda ya foraminifera yasipitiwe na maji, yakabaki maangavu kama kioo kwa zaidi ya miaka milioni 30. Kwa maganda hayo, mwaka 2009 Paul Pearson, mmoja wa watafiti hao, na wenzake walionesha kabonidayoksaidi hewani ilivyokuwa ikishuka wakati barafu inaanza kutanda Antaktika. Siku nilipoyaona kwenye hadubini nilitokwa na machozi. Ni udongo uleule uliokuwa ukituangusha masika tukienda shule!

Basi akazane na kemia na hisabati, jiolojia aanzie Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Fomu za huku nitazisoma naye mstari kwa mstari.

Mkataba wangu unaisha Machi. Kiwanja naomba mkifyeke, kisije kikavamiwa. Hela ya kibarua nitatuma Ijumaa.