Korodani moja imeshuka: je, ni busha?

Shangazi, shikamoo. Mimi ni kijana wa Faza, kisiwani Pate, umri miaka 23, nataraji kuoa baada ya Idi. Korodani yangu ya kushoto iko chini kuliko ya kulia. Wenzangu waliniona tukikoga, wakasema ni busha laanza, nimezidisha madafu. Mzee mmoja ataka kunichanja. Nifanyeje? – Mwenye Haya

Marahaba, mwanangu. Hukusema hali hii imeanza lini, nami nadhani ni kwa sababu haikuanza; ndivyo ulivyoumbwa. Wanaume wengi ya kushoto ndiyo hushuka kidogo, na hao wenzako wakijitazama vyema watajikuta vivyo hivyo. Joto la kaskazi huzishusha zaidi, maji baridi huzipandisha. Ukipapasa nyuma ya kila moja ukakuta kitu laini kama kamba, hiyo ni njia ya mbegu, si uvimbe.

Madafu wewe kunywa. Huku kwetu pwani mabusha mengi huletwa na minyoo ya matende, ambayo mbu huichukua kwa mtu huyu akamtia mwengine. Ndiyo maana hupita watu wakigawa vidonge vya matende. Busha ni maji yaliyojaa kuizunguka korodani: mfuko huvimba ukawa mzito, mara nyingi bila maumivu. Wako haukuvimba. Na hata lingekuwa busha, hilo ni la daktari wa upasuaji. Mzee mshukuru kwa adabu, wembe wake usikuguse.

Linalonitia hofu mimi ni jengine kabisa. Korodani ikishikwa na maumivu makali ghafla, pengine na kutapika, huenda imejisokota na damu haiifikii. Zikipita saa 6 hivi bila kusokotolewa, yaweza kufa. Basi yakikupata usiku, usingoje mashua ya alfajiri. Amsha mwenye boti, na haya uziache nyumbani.

Donge gumu kwenye korodani yenyewe nalo, hata lisipouma, usikae nalo. Saratani ya huko hupenda vijana wa rika lako, na ikiwahiwa hutibika vizuri.

Kama moyo bado hautulii kabla ya harusi, pita Hospitali ya King Fahd hapa Amu (Lamu), uombe kuonwa na daktari mwanamume ukitaka. Atakupapasa, na akishuku busha atamulika mfuko kwa tochi, maana maji yake hupitisha mwanga. Ni dakika chache, wala hutiwi kisu.